Land Rover Series III: gia zinalia, transfa inamwaga oili kwenye handibreki

Shasi_Fupi
Wakuu, naomba mwongozo. Gari ni Land Rover Series III ya 1976, fupi ya inchi 88 (umbali kati ya ekseli), injini ya petroli lita 2.25, ipo Arusha. Gia ya kwanza mpaka ya tatu zinalia kwa sauti nyembamba inayopanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Ikiingia ya nne inatulia karibu kabisa. Nikiachia mafuta kisha nikakanyaga tena, kuna kitu kinagonga "kong" chini ya viti. Tatu, transfa (boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) inavuja kwa nyuma, oili inaingia kwenye ngoma ya handibreki na handibreki haishiki. Sili ya nyuma (mpira wa kuzuia oili) imeshabadilishwa mara mbili, kila ikiwekwa mpya inakaa wiki chache inaanza tena. Nimeshauriwa kushusha giaboksi nzima. Ni lazima? Na oili nitie ipi, maana dukani wananipa GL-5 tu (daraja la oili ya gia).

Spana_916
Mkuu, usishushe kitu bado, na usinunue sili ya tatu. Hesabu oili kwanza.

Giaboksi na transfa za Series zimefungwa pamoja lakini kila moja ina oili yake: giaboksi lita 1.5, transfa lita 2.5. Kinachozitenganisha ni sili moja kwenye meinshafti (shafti kuu ya giaboksi), pale inapotoka giaboksi na kuingia transfa. Sili hiyo ikichoka, oili inahama kutoka giaboksi kwenda transfa. Giaboksi inabaki na kiu, transfa inajaa kupita kiasi, na ziada inatafuta pa kutokea, yaani sili ya nyuma. Ukibadilisha sili ya nyuma peke yake unaziba mlango huku bomba bado liko wazi.

Simamisha gari mahali tambarare, likiwa limepoa. Fungua plagi ya kipimo ya transfa ukiwa umeweka chombo chenye alama za mililita. Oili inatakiwa iwe usawa wa tundu tu. Ikimwagika, iache imwagike yote na uipime. Kisha fungua plagi ya kipimo ya giaboksi. Isipotoka kitu, jaza mpaka ianze kuchuruzika ukihesabu umetia kiasi gani. Leta namba zote mbili.

Kuhusu mlio: gia ya nne kwenye boksi hii ni ya moja kwa moja, nguvu haipiti kwenye leishafti (shafti ya pembeni ndani ya giaboksi). Ya kwanza, pili na tatu zote zinapita huko. Kwa hiyo mlio unaopotea kwenye ya nne unaelekeza kwenye leishafti na beringi zake. Kama ungekuwa transfa au difu (gia za katikati ya ekseli), ungelia kwenye gia zote. Boksi iliyokimbia na nusu ya oili hulia hivyohivyo, ndiyo maana nataka namba kabla ya hukumu.

Beringi_Kavu
Naongezea kipimo cha dakika moja. Injini ikiwa inazunguka, gia huru, guu nje ya klachi, sikiliza. Kisha kanyaga klachi mpaka chini. Mlio ukipotea, ni beringi ya shafti ya kuingilia au leishafti. Mlio ukianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe, na hiyo haihusiani na hayo mengine.

Hiyo "kong" ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi ni la bei ndogo. Zuia magurudumu kwa mawe pande zote mbili, weka gia huru, achia handibreki, lala chini uzungushe propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) kwa mkono huku na huku. Tazama krosi (viungo vya ncha za propela): zikicheza hata kidogo ndani ya vikombe vyake, zimekwisha. Baadaye kaza nati za flanji (sahani zinazofunga propela), spana 9/16, maana zikilegea nazo zinagonga. Kama krosi ni nzima, angalia propela inazunguka kiasi gani kabla gurudumu halijaanza kuvuta. Hapo unapima uchakavu wa difu pamoja na meno ya ekseli kwenye flanji za magurudumu.

Ukitoa propela kubadilisha krosi, chora mstari kwenye sehemu mbili zinazoteleza kabla hujazitenganisha. Ikirudishwa na jino moja nje ya mstari, krosi za mbele na za nyuma hazitakuwa kwenye ulalo mmoja na gari litatetemeka.

Tahadhari ambayo watu husahau: handibreki ya gari hili iko kwenye transfa, si kwenye magurudumu. Propela ya nyuma ikitoka, handibreki haizuii tena magurudumu ya nyuma. Mawe hayatoki mpaka kazi iishe.

Shasi_Fupi
Asanteni. Transfa imemwaga kama mililita 500 za ziada. Giaboksi imekula karibu 700 ndipo ikaanza kuchuruzika. Plagi ya giaboksi ina uji laini wa kijivu, hakuna vipande. Kwenye kipimo cha klachi mlio unapotea. Krosi ya nyuma inacheza waziwazi.

Spana_916
Basi ni sili ya meinshafti. Kwa giaboksi ya lita 1.5, kukosa 700 ni karibu nusu. Uji laini si tatizo. Kungekuwa na vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ungewaza sinkro (pete zinazolainisha uingizaji wa gia), na vijiti vya beringi vingekulazimisha kusimama hapohapo.

Sili hiyo inafikika boksi ikiwa garini. Toa siti ya kati na bamba la katikati la boksi ya viti. Mwaga oili ya transfa, toa kifuniko cha mviringo cha PTO (mahali pa kuchukulia nguvu ya kuendesha mitambo ya nje) nyuma yake. Utaona nati kubwa ya meinshafti yenye wosha ya kukunja. Nunua wosha mpya, ile ya zamani usiikunje mara ya pili. Vuta gia, sili iko nyuma yake. Kabla ya kuweka mpya shika meinshafti uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi ya nyuma ya giaboksi imekwisha na sili mpya haitadumu hata mwezi, hapo ndipo kushusha boksi kunakuwa na maana. Isipocheza, weka sili, paka midomo yake oili, rudisha.

Sili ya nyuma ya transfa ibadilishe baada ya hapo. Toa ngoma na flanji, kagua mahali midomo ya sili inapopita. Ukisikia mfereji kwa ukucha, sili mpya itavuja. Ama weka bomba jembamba la kufunika mfereji, ama ingiza sili ndani milimita moja au mbili zaidi ili midomo ikae kwenye chuma kizima. Brekisuu zilizolowa oili usizioshe na petroli ukadhani zimepona, weka mpya.

Beringi_Kavu
Kosa moja ambalo mafundi hufanya hapo nyuma ya transfa: nyumba ya spidomita (kasha la gia ya spidomita) imekaa juu ya shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi), si gasketi. Shimu hizo ndizo zinazoweka mbano wa beringi za shafti ya nyuma. Fundi akizitupa na kujaza silikoni, uvujaji unaweza kuisha lakini transfa itaanza kulia kwenye gia zote. Zihesabu, zirudishe zote.

Oili: namba 90, ukipata GL-4 chukua hiyo kwa giaboksi, kwa sababu ya sinkro na bushi za shaba. GL-5 weka kwenye difu, lita 1.75 kila moja, na hapohapo safisha pumulio juu ya ekseli. Likiziba, presha inasukuma oili kupitia sili.

Spana_916
Kuhusu GL-5 sikatai, ila transfa haina sinkro, huko haitaniumiza kichwa. Jaza giaboksi, endesha kama kilomita 200, pima tena usawa wa zote mbili. Mlio ukiwa umepungua lakini haujaisha, leishafti imeshaguswa, na unaweza kuendelea kutembea nayo huku ukikagua oili kila mwezi. Ukiongezeka, au boksi ikianza kuruka gia ya pili, shusha.