Gobore linaganda risasi ndani ya mtutu, naombeni ushauri

Mkulima_Bondeni: Kamwene wakuu. Niko Mufindi. Nina gobore, gololi za risasi (yale madini, "lead") namimina mwenyewe. Nikifyatua mara nne tano, ndani ya mtutu naona vipande vinang'aa kama bati, vimeganda, na gololi inakwenda upande. Nimemwaga maji ya moto, havitoki. Nifanyeje zisigande? Nguruwe wananimalizia mahindi.

Fundi Mstaafu: Mkuu, maji ya moto yanatoa masizi ya baruti tu. Gololi yako ni ndogo kuliko mtutu. Moto wa baruti unapita pembeni, unailamba ubavuni na kuipaka kwenye chuma. Wazee waliivika kitambaa cha pamba chenye nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe, ndipo wakaishindilia. Hapo risasi haigusi mtutu. Hebu ikwaruze kwa ukucha, ni laini?

Mkulima_Bondeni: Ukucha haushiki. Na kitambaa kinachelewesha, nguruwe hawasubiri.

Fundi Mstaafu: Kama ukucha haushiki, hiyo si risasi tupu. Umeitoa wapi?

Binti Rungwe: Kwani lazima bunduki? Babu yangu kule Tukuyu alilinda shamba kwa kupiga debe usiku kucha. Sisi wajukuu tulipokezana, usingizi tukalalia shuleni.

Fundi Mstaafu: Mkuu, nimeuliza risasi umeitoa wapi.

Mkulima_Bondeni: Betri za gari. Nazipasua, nayeyusha jikoni kwenye sufuria ya zamani ya ugali. Moshi unatoka vizuri tu dirishani. Nimeshamimina gololi mia na jirani nimemwahidi nusu, siwezi kurudi nyuma.

Raia Mwema: Kibali cha hilo gobore kiko kwa jina la nani?

Mkulima_Bondeni: La marehemu baba. Mimi ndiye mrithi.

Raia Mwema: Kibali ni cha mtu, ndugu, hakirithiwi kama shamba. Sheria ya silaha ya 2015 haina mchezo. Lipeleke kituoni mwenyewe kabla hawajakufuata, na jirani asipewe hata gololi moja.

Mzee wa Reli: Mwanangu, nilikuwa TAZARA. Tukishafika Kapiri Mposhi, Zambia, nilikuwa nateremka hadi Kabwe kwa shemeji. Mgodi wao wa risasi ulifungwa 1994, na hadi leo watoto wa pale wanakutwa na risasi kwenye damu, kwa kuchezea vumbi tu. Unapoyeyusha, nani yuko jikoni?

Chonjo: Wakuu, huu uzi wa kutunga. Mwezi wa kumi huu, Mufindi nzima mahindi yako ghalani. Nguruwe anakula mahindi gani?

Binti Rungwe: Mh! Kweli kabisa.

Mkulima_Bondeni: Wewe ni wa mjini. Hujasikia vinyungu, vile vishamba vya bondeni vya kiangazi? Nilipanda Julai bondeni, yamefika kifuani, na jana wameyalaza mistari sita. Njoo uhesabu.

Chonjo: Vinyungu nilivisahau. Samahani, kaka.

Mzee wa Reli: Hujanijibu.

Mkulima_Bondeni: Mama watoto, na wa mwisho wetu, ana miaka mitatu. Huwa anaokota matone yaliyoganda sakafuni, anachezea. Wiki mbili analia tumbo, tukasema minyoo.

Mzee wa Reli: Mpeleke hospitali kesho. Mwambie daktari neno "risasi" kwa mdomo wako, apimwe damu. Asiishie kupewa dawa ya minyoo.

Fundi Mstaafu: Na sakafu ipigwe deki kwa maji, msifagie. Vumbi lisiruke.

Mkulima_Bondeni: Sufuria nimeitoa nje. Alfajiri tunapanda basi la Mafinga, mama yake ameshafunga nguo.

Raia Mwema: Na gobore?

Mkulima_Bondeni: Liko darini. Nikirudi tutaongea.