Tupeane uzoefu: vita vya mbali vilibadilisha vipi jiko na taa za kwako?

Mwenye uzi (Tudor): Wana Mombasa, asalaam aleikum. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mafuta yalipanda dunia nzima, na sisi tunaoziona meli zikishusha mafuta Kipevu hatukupata nafuu yoyote. Mwaka uliofuata, petroli ilipita shilingi 200 kwa lita. Mwishoni mwa mwaka huohuo Wahuthi wa Yemen wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu. Nataka kujua wewe ulifanya nini: ulihamia sola, ulirudi kwenye makaa, au ulivumilia tu? Leteni yaliyowakuta nyinyi wenyewe.

Mama Mahamri (Kisauni): Mimi nilirudi kwenye makaa. Ushuru ulikuwa umeshaupandisha mtungi wa gesi wa kilo 13, kisha vita vikaongeza, ukapita 3,000. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi, na mteja hakubali kuongezewa hata shilingi tano. Wakisema vita vimewafungua watu macho kuhusu nishati safi, mimi vilinirudisha kwenye moshi na kikohozi.

Mwenye uzi: Pole sana mama. Hata Ujerumani, iliyokuwa ikipata zaidi ya nusu ya gesi yake kutoka Urusi, mwaka 2022 ilirudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe, huku ikiharakisha sola na upepo. Mwenye uwezo alikimbilia jua, asiye nao akarudi kwenye masizi. Hilo linaniuma.

Fundi (Likoni): Zamani wateja walinitafuta kwa sababu ya stima kupotea. Siku hizi mtu anakuja na simu mkononi, anafungua meseji ya tokeni za stima na kunionyesha kile kipengele cha gharama ya mafuta. Stima ya Kenya nyingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana, lakini mitambo ya mafuta mazito ikiwashwa, tunalipa sote. Nikimweleza hivyo, hapo ndipo anauliza bei ya paneli. Ila jamani, huku pwani msikubali nati za chuma cha kawaida. Chumvi inazila, na upepo wa kusi ukija paneli inang'oka.

Tuktuk (Kongowea): Mimi ningehama leo. Tuktuk si yangu, na tajiri hataki kusikia habari za umeme. Petroli ikipanda ni hasara yangu, hesabu anayonidai tajiri kila jioni iko palepale.

Mzee wa Majengo: Wanangu, vita vya Waarabu na Israeli vya 1973 vilipandisha mafuta karibu mara nne. Maneno yalikuwa haya haya. Miaka ya themanini bei ikashuka, watu wakasahau jua. Kilichobaki ni kilichojengwa: mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa 1981, na mvuke wa Olkaria unatupa stima hadi leo.

Mama Mahamri: Fundi, sola inaweza kunipikia mbaazi?

Fundi: Paneli ndogo haiwezi, mama. Lakini tafuta jiko la presha la umeme, lile la kufunga kifuniko. Linakula stima nyingi mpaka presha ipande, baadaye kidogo sana, hata kwa tokeni ni nafuu. Mbaazi zimelowekwa usiku, zinaiva haraka. Mahamri yaache kwenye gesi kwanza. Pita dukani nikuonyeshe kabla hujanunua.