Mjadala: Je, mukula uvuke mpaka wa Kasumbalesa bila sahihi ya kijiji?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, swali linalotugawa ni hili: msitu wa miombo hauna habari ya mpaka, umeanzia kwetu Haut-Katanga, Kongo, ukaingia Zambia, je, serikali hizi mbili zipige marufuku kabisa ukataji wa mukula, mti wa mbao nyekundu, au zikipe kijiji chenye msitu mamlaka ya kuamua, kisha ziiheshimu sahihi yake pande zote mbili? Wanaotetea marufuku nawaheshimu, maana visiki wanavyoviona ndivyo ninavyoviona mimi. Hata hivyo sikubaliani nao.

Marufuku tumekwisha kuiona. Zambia ilifunga biashara hiyo na kuifungua zaidi ya mara moja, na mwaka 2017 ilizuia mamia ya malori ya mukula yaliyotoka huku kwetu. Upande mmoja ukifungwa, shoka huhamia upande wa pili. Mwaka 2019, mjini Geneva, mti huu, ambao Watanzania huuita mkurungu, uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo shehena haipaswi kutoka nchini bila kibali kinachothibitisha kwamba mti ulipatikana kihalali na kwamba kuukata hakuhatarishi uhai wa aina yake. Ni hatua njema. Lakini kibali huandikwa mbali na msitu, na anayekiandika hahitaji kumwona mzee ambaye babu zake walizikwa chini ya miti hiyo.

Nimewahi kusimama na mzee wa namna hiyo katika kijiji kimoja cha njia ya Kasenga, mbele ya kisiki ambacho utomvu wake mwekundu ulikuwa bado haujakauka. Alichopewa na mnunuzi kwa mti ule hakikutosha kununua gunia la unga. Tena lori, katika kutafuta pa kugeukia, lilikuwa limeangusha miti ambayo kina mama wa pale huokota vinkubala, yaani viwavi wa kuliwa, kila msimu, na hiyo hakuna aliyeilipia hata kidogo.

Sheria tunayo. Kanuni ya misitu ya mwaka 2002, katika kifungu cha 22, inairuhusu jamii kuomba msitu inaoumiliki kwa mila, na amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaiwezesha kupewa hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda, kwa sahihi ya gavana. Zambia nayo ina sheria ya misitu ya 2015 na kanuni za misitu ya jamii za 2018, ingawa kwao ni mapatano na idara ya misitu, si haki ya kudumu kama yetu. Huko Kilwa, Tanzania, vijiji vimeuza mbao za misitu yao wenyewe na mapato yakabaki kijijini. Mwaka 2022, mjini Maputo, nchi za ukanda wetu zilitia sahihi azimio la kulinda miombo. Kinachokosekana ni kuiunganisha mipango hii pale gogo linapopita, yaani Kasumbalesa.

Pendekezo langu ni kwamba shehena yoyote ya mukula iambatane na hati ya jamii iliyoukata, inayotaja msitu, idadi ya magogo na bei iliyolipwa, na forodha ya Zambia iikatae shehena isiyo nayo kama ambavyo ingekataa isiyo na kibali cha serikali. 

Najua nitajibiwa kwamba chifu hununuliwa. Ni kweli, hununuliwa, na ndiyo sababu sisemi sahihi ya chifu. Agizo la waziri la Februari 2016 limeweka mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya ufuatiliaji na baraza la wazee. Mnunuzi anaweza kumfuata mtu mmoja usiku nyumbani kwake. Kuununua mkutano mzima mchana, wanawake wa vinkubala wakiwa wameketi humo, ni kazi nyingine. Wanaotetea marufuku, naomba mnijibu hapo: mkutano huo ukiamua mukula usikatwe kwa miaka 20, ni askari gani atakayeulinda kuliko wao?