Mjadala: Je, ni haki kumlazimisha mwenye nyumba afiche sola yake ndani ya vigae?

Wapo wanaotaka mamlaka za ujenzi na vyama vya wakazi vizuie paneli za sola zinazofungwa juu ya paa kwa kuwa zinaharibu sura ya mtaa, na kwamba anayetaka umeme wa jua aezeke kwa vigae vya sola, yaani vigae vyenye seli (vipande vinavyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme) ndani yake ambavyo mpita njia hawezi kuvitofautisha na vya kawaida. Napinga sharti hilo, ingawa vigae vyenyewe sivipingi.

Vina mahali pake. Huko Pompeii, magofu ya mji wa kale wa Kirumi nchini Italia, nyumba ya kale iitwayo Nyumba ya Cerere imeezekwa vigae vya sola vyenye umbo la vigae vya Kirumi, na sidhani kuna atakayebisha kwamba paneli za kawaida zingekuwa kichekesho pale. Vilevile anayejenga upya, au ambaye paa lake limechakaa, angenunua vigae kwa vyovyote vile, hivyo nyongeza ya gharama inavumilika. Lakini mwenye paa ambalo bado ni zima, kumwambia alibomoe lote ili apate umeme ni sawa na kumkataza kwa lugha ya adabu.

Kuna pia suala la joto, ambalo watetezi wa sharti hulipita haraka mno. Seli za silikoni hupimwa zikiwa na nyuzi joto 25, na kila nyuzi moja inayozidi hapo hupunguza umeme kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Seli ikifika nyuzi 65, zaidi ya sehemu moja ya kumi imeshapotea. Paneli hufungwa kwenye reli, zikaacha nafasi ya hewa kupita chini yake. Kigae hulala karibu na mbao za paa, kwa hiyo kwa kawaida huchemka zaidi.

Kwenye matengenezo ndipo ugumu unapozidi. Paneli ikiharibika, fundi hulegeza vibano, huchomoa nyaya mbili na kuweka nyingine. Vigae ni vingi na vimepandana, kila kimoja na viunganishi vyake, na kukifikia kimoja kibovu huenda ukalazimika kuinua vilivyo juu yake bila kuharibu kinga ya mvua. Na mtengenezaji akiacha biashara? Kampuni ya Dow ya Marekani ilitangaza vigae vyake vya sola mwaka 2009, na mwaka 2016 ikaviacha. Paneli ya kampuni nyingine hukaa kwenye reli zilezile bila shida kubwa. Kigae cha umbo tofauti hakikubali.

Najua jibu litakalokuja: sura ya mtaa ni mali ya wote. Nakubali, na ndiyo maana naona sheria ya Kalifonia ya mwaka 1978 ina busara, kwa kuwa inaruhusu masharti ya mwonekano mradi yasipandishe sana gharama wala kupunguza sana ufanisi wa mtambo. Kudai fremu nyeusi, au paneli zilale sambamba na mteremko wa paa, ni jambo la haki. Kudai zisionekane kabisa ni jambo jingine, na wanaolitaka watueleze hapa: ikiwa uzuri huo ni wa mtaa mzima, kwa nini bili yake imwendee mwenye paa peke yake?