Tupeane uzoefu: Mnaoishi na Wasamoa (watu wa visiwa vya Samoa, Bahari ya Pasifiki) huko Marekani, magenge yamewagusaje?

Mama Kearns (Utah): Kijana wa jirani yangu Msamoa kakamatwa juzi, miaka 16. Wazazi wake watu wa kanisa hasa. Wanangu wawili hucheza naye. Wenye uzoefu semeni.

Mkazi wa Tacoma: Pole dada. Huku nako ni hayo hayo.

Mtoto wa Nyarugusu: Umenikumbusha mbali. Tulipotoka kambi ya wakimbizi tuliletwa mtaa wa Glendale, Salt Lake City, huku huku Utah. Rafiki wa kwanza wa mdogo wangu alikuwa Msamoa, ndiye aliyemkingia kifua shuleni walipomcheka Kiingereza chake. Jumapili moja wametumwa dukani, gari likapunguza mwendo, kioo kikashuka. "Mnatoka wapi?" Wanaojua wanajua, hapo unaulizwa genge. Mdogo wangu akajibu, "Kongo." Mwenzake ana kitambaa cha bluu, rangi ya genge, kinaning'inia mfukoni, akanyamaza. Wakampiga yule Msamoa risasi ya paja. Mama yake alikuja mbio na gauni jeupe la ibada, akapiga magoti kwenye lami kumfunga jeraha. Hospitalini usharika mzima ulijaa, wanaimba. Usiku vijana wakamfuata kaka yake waende kulipa kisasi. Babu yao ni matai, mkuu wa ukoo. Aliweka kiti mlangoni akakaa mpaka kukacha. Hakuna aliyethubutu kumpita.

Shemeji: Mungu wangu! Alipona?

Mtoto wa Nyarugusu: Alipona, ila anachechemea.

Jembe: Hao ni wakorofi tangu kwao. Hameni.

Mzee wa Carson: Koma, kijana. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipofunga kituo chake Pago Pago, Samoa ya Marekani, mwaka 1951, familia nyingi zilifuata kazi Hawaii na California. Watoto walikuta magenge yapo mtaani, wakaungana kujilinda. Genge la Sons of Samoa lilizaliwa Long Beach, California, si kisiwani!

Jembe: Risasi haiulizi historia, mzee.

Shemeji: Mpeleke mtoto kwa ndugu. Troy Polamalu aliondoka Santa Ana angali mdogo, akalelewa na mjomba wake Tenmile, Oregon. Akawa nyota wa futiboli ya Kimarekani.

Mkazi wa Tacoma: Wangu nilimpeleka Mwanza kwa bibi, akarudi na hasira mara mbili. Kaa naye mwenyewe, mpikie ashibe, asitafute ukoo barabarani.

Mzee wa Carson: Sikilizeni hili. Samoa ziko mbili. Mzaliwa wa Samoa ya Marekani, iliyo chini ya Marekani, hafukuzwi nchini. Wa Samoa huru asiye raia, akitiwa hatiani anaweza kurudishwa kwao, na watoto wetu wasio na uraia ni vivyo hivyo. Asikiri kosa lolote kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Mama Kearns: Ahsante mzee. Huyo wakili wa bei ya mnyonge, nani anamjua huku Utah?