Naomba ushauri: samaki gani wa kuchanganya kwenye tangi la lita 100, maji ya Dodoma?

Habari wakuu. Nipo Dodoma mjini, nina tangi la kioo na chujio, samaki bado. Maji ni ya bomba, yale ya visima vya Mzakwe. Mnayajua, ni maji magumu, yaani yana chokaa nyingi, birika halichelewi kuota ukoko mweupe.

Nimefikiria gapi na moli, maana maji magumu hayawasumbui na ni wapole. Binti yangu kang'ang'ania neoni tetra. Hao asili yao ni mito ya Amazon, maji laini yenye asidi kidogo. Kuna aliyewafuga huku wakadumu?

Muuzaji naye ananisukumia mbuna wa Ziwa Nyasa. Maji yetu yangewafaa kweli, na rangi zao ni balaa, ila ni wagomvi, wanagombania mawe, sioni gapi mwenye mkia mrefu akipona humo. Goldfishi nimeshawatoa kwenye hesabu, wanachafua maji mno.

Je, gapi na moli niwaongezee kambare wadogo wa chini, wale koridora? Nianze na wangapi? Na baridi ya usiku wa Juni na Julai, hita ni lazima? Anayejua inapouzwa hapa hapa, bila kuagiza Dar, anielekeze tafadhali.