Mama alicheza netiboli ya kiwanda miaka ya 80. Wenzake saba bado wapo. Nianzie wapi?

Binti_Mji_Mpya

Wakuu, heshima kwenu.

Mama yangu tulimzika mwezi wa tatu, hapa Morogoro. Arobaini imepita, ndugu wametawanyika, nimebaki na sanduku lake la bati. Nimekuta sketi ya marinda iliyopauka, medali tatu zilizoota ukungu wa kijani, na kile kitambaa cha kifuani chenye herufi GS. Kwa wasioujua mchezo, GS ndiye mfungaji anayekaa chini ya goli, na mwenzake anayefunga naye anaitwa GA. Goli la netiboli ni futi 10 na halina ubao kama la kikapu, ni pete tupu.

Mama hakuwa maarufu. Mkitaja michezo ya nchi hii kila mtu anakimbilia Filbert Bayi na Suleiman Nyambui na medali zao za fedha za mbio, Olimpiki ya Moscow 1980. Sawa, wanastahili. Ila muulize mtu kuhusu Theresia Dismas, aliyeleta fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, uone atakavyokutolea macho. Sasa mchezaji wa netiboli wa kiwandani ndiyo nani?

Mimi namjua kwa viazi. Tukimenya viazi uani, alikuwa anavirusha kwenye sufuria ya maji akiwa amekaa kizingitini, hatua nne hivi. Mkono juu ya paji la uso, kiganja kinainama mwishoni kama anamuaga mtu. Kiazi kinaingia, maji hayaruki. Sisi tukijaribu tunalowesha mkaa.

Na namjua kwa goti. Uwanja wao ulikuwa wa saruji. Netiboli huruhusiwi kukimbia na mpira: unadaka hewani, unatua, unasimama hapo hapo, mwili wote umelalia goti moja. Fanya hivyo miaka 10 juu ya saruji. Kila jioni akiinuka lilikuwa linalia ko! naye anasema, "Refa kapuliza."

Msibani walikuja wenzake saba, khanga sare. Wakaomba viti. Vijana wa kamati wakaanza kunong'ona, akina nani hawa wanaotaka viti wakati wanawake wote wako mkekani? Ilibidi niende nikawaambie: hawawezi kukunja magoti. Nilipata aibu ambayo sijui niiseme vipi.

Wana mchezo wao wa kuchangiana, 5,000 kwa mwezi, wanaandika kwenye kaunta buku, anayezidiwa ndiye anayechukua. Nataka kuwasaidia wawe na kitu cha kueleweka. Nianzie wapi? Na mama mwenyewe, kuna haki yake yoyote iliyobaki huko kiwandani?

Mzee_wa_Stesheni

Pole sana mwanangu. Mimi nilikuwa reli, naikumbuka Moro ya wakati huo. Kila kiwanda na timu yake. Usifikiri walikuwa wanalipwa kucheza. Ukijua mpira unaajiriwa: huyu karani masijala, huyu mhudumu, huyu mashineni. Asubuhi kazi, saa nane unaachiwa ukafanye mazoezi. Ajira ndiyo ilikuwa zawadi yenyewe, na ilikuwa zawadi nzuri, maana ina nyumba, matibabu na kiinua mgongo. Halafu miaka ya 90 mashirika yakauzwa, mengine yakafungwa. Aliyenunua kiwanda alinunua mashine, timu ya netiboli aipeleke wapi?

Kuhusu haki: wafanyakazi wengi wa mashirika ya umma walikuwa PPF, mfuko wao wa pensheni. Mfuko ule uliunganishwa na mingine mwaka 2018, sasa ni PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Tafuta namba yake ya uanachama kwenye hayo makaratasi, nenda na cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi. Kama alichukua michango yake alipopunguzwa kazi, jalada limefungwa. Kama hakuchukua, ulizia.

Kichwa_Ngumu

Sipendi kuonekana mbaya msibani, lakini niulize. Kwani mkulima wa mahindi goti lake haliumi? Mama lishe je? Walicheza, wakafurahi, wakalipwa mshahara kama wengine. Kwa nini wao wapewe kitu maalumu?

Binti_Mji_Mpya

@Kichwa_Ngumu swali lako ni halali, sijakasirika. Ila mkulima hakuambiwa na bosi wake aruke juu ya saruji ili jina la kiwanda lisomwe redioni. Mama aliumia kwenye mashindano ya mashirika, akiwa na jezi yao. Angeteguka mkono mashineni ungeitwa ajali kazini. Goti likaitwa "mchezo". Alipopunguzwa alipewa kiinua mgongo, akanunua cherehani, na mimi nimesomeshwa na hiyo cherehani pamoja na maandazi. Sidai mnara.

@Mzee_wa_Stesheni shikamoo, na asante. Namba nimeiona nyuma ya kitambulisho chake, nitakwenda.

Mkunazini

Pole dada. Huku Zanzibar wazee wote wa miaka 70 na kuendelea wana Pensheni Jamii tokea 2016, uwe ulikuwa mchezaji au mvuvi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadae ikapandishwa hadi 50,000. Haitoshi kutibu goti, lakini bibi yangu anaiita "mshahara wangu" na siku hiyo hanyanyuliwi sauti na mtu. Huko bara nyie naona mna dirisha la wazee hospitali tu.

Kapsoya_254

Pole sana dada, kutoka Eldoret. Huku watu wanadhani kila mkimbiaji ana shamba na majumba ya kupangisha. Mwaka 1978 Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Olimpiki ya 1976 na ya 1980 Kenya ikasusia zote mbili, kwa hivyo hakukimbia hata moja. Baadaye pombe ikamshika, akaishia kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege kule Marekani. Alifariki 2024. Baba yangu hakuvunja rekodi yoyote, aliikimbilia timu ya Magereza tu, lakini amestaafu na pensheni ya askari na analala vizuri. Ukiniuliza nani alishinda kati ya hao wawili, sijui nikujibu nini.

Hao mama saba waandikishe kama kikundi. Kaunta buku ikipotea, kila kitu kimepotea.

Mzee_wa_Stesheni

Kapsoya kasema kweli. Binti, anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikundi ni kazi ya siku chache. Mkitaka kiwe chama cha wachezaji wastaafu, hiyo ni ya msajili wa vyama vya michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Ila kikundi kwanza. Na wenye 60 na kuendelea wasio na uwezo wachukue vitambulisho vya matibabu vya wazee, wengi hawavifuatilii kwa aibu.

Binti_Mji_Mpya

Mrejesho. Jana nimekwenda kwa mama mkubwa anayeweka kaunta buku, tukaorodhesha majina, miaka na namba za simu. Watano kati ya saba wamevuka 60, na hakuna hata mmoja mwenye hicho kitambulisho. Jumatatu tunakwenda wote ofisi ya kata, nimeshapanga na bajaji mbili.

Nikamwonyesha kitambaa cha mama. Akakigeuza, akatazama mshono wa nyuma, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Hiki changu! Nimekitafuta tangu mwaka themanini na saba. Mama yako alikuwa GA. Sasa uandike vizuri humo: GA, na mwizi."

Nimemrudishia.